Chaguo la Kwanza la Sikudhani

Kwenye arobaini ya baba yake Sikudhani nilipewa sahani ya pilau iliyojaa mpaka ukingoni, nikashindwa kuila. Pilau yenyewe haikuwa na kosa. Ilipikwa uani, huko Gongo la Mboto, na wanawake wanaoijua kazi yao, nyama imeiva na kachumbari imekatwa nyembamba. Kilichonishinda ni maneno. Sikudhani, rafiki yangu tangu kidato cha tano, alikuja mkekani tulipokaa, mtandio mweupe kichwani na macho yamemvimba, akaniwekea mkono begani na kuwaambia shangazi zake, "Jamani, huyu ndo Aneth niliyekuwaga nawaambia. Huyu ndo alinijazia fomu za chuo. Mie ningejulia wapi kompyuta? Bila huyu leo msingeniita mwalimu." Shangazi zake wakasema mashallah. Mmoja wao, bibi aliyebakiwa na meno mawili ya mbele, akachota pande la nyama kwenye sahani yake kwa vidole akaliweka kwenye yangu. "Kula mwanangu, Mungu akuzidishie." Nililitazama lile pande, mafuta yanaanza kuganda pembeni, nikalisukuma ukingoni mwa sahani. Si kwa sababu ya vidole vya yule bibi. Vidole vyake vilikuwa safi kuliko vyangu.

Ni kweli nilimjazia fomu. Ni kweli vilevile kwamba wiki moja baadaye niliifungua fomu hiyo bila yeye kujua, nikaiharibu, na kwa miaka kumi na tatu Sikudhani ameishi akiamini kuwa aliomba kusoma Hisabati na Fedha akakataliwa. Tuliolijua jambo hilo tulikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyelijua lote isipokuwa mimi. Wa kwanza ndiye huyo tuliyekuwa tunamfanyia arobaini. Wa pili alifunga duka lake akahamia mkoani, sijui kama yu hai. Ningeweza kuendelea kunyamaza, nimeshazoea. Lakini kabla sijanawa mikono Sikudhani aliniita chumbani, na kitandani nikamkuta mdogo wake Mwanahawa ameshika bahasha ya matokeo ya kidato cha sita. Alikuwa na A ya hesabu kama dada yake. "Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa," Sikudhani aliniambia. "Huyu anataka Hisabati na Fedha, nimemkatalia. Nimemwambia ile siyo ya watu kama sie. Mie nilikuwa na A, wakanitupa. Aweke ualimu juu asije akakosa vyote. Njoo keshokutwa umjazie, mkono wako una baraka." Mwanahawa hakuinua uso. Nikasema nitakuja.

Sitasimulia nilikozaliwa wala habari za ukoo wetu. Hazihusiki, na nimeona watu wanaoandika maisha yao huanzia huko ili wachelewe kufika kwenye aibu zao. Naanzia Mwananyamala, kwenye chumba kimoja chenye bati kuukuu juu, mwaka tuliomaliza kidato cha sita, miezi ile mirefu ya kusubiri matokeo na baada ya matokeo kusubiri vyuo. Kilikuwa duka la steshenari, na mwenye duka tulimwita Profesa. Hakuwa profesa wa chochote. Alipewa jina hilo kwa kuwa kila mtoto wa mtaa aliyekwenda chuo kikuu alipitia mikononi mwake, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kukaa darasa la chuo hata siku moja. Alikuwa na kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi, na mashine ya kufunika vitambulisho kwa plastiki. Zikiwaka zote pamoja, na bati limepigwa jua tangu asubuhi, chumba kilinuka plastiki ya moto na soksi. Profesa alikula chipsi mayai juu ya kibodi. Namaanisha juu yake hasa: sahani aliipachika kwenye vitufe vya namba, akachovya chipsi kwenye tomato, akabofya kwa vidole vilevile. Herufi A ilikuwa imefutika kwa mafuta. Aliponichukua kama kibarua, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukwangua uchafu katikati ya vitufe kwa kijiti cha meno, nao ulitoka umeshikamana, mweusi, una nywele ndani. Nilidhani hicho ndicho kitu cha kutia kinyaa kuliko vyote ambavyo ningeviona humo.

Nilikuwa bado sijaielewa kaunta buku ya Profesa, lile daftari lake la kumbukumbu. Maombi ya vyuo yalikuwa yamehamia mtandaoni, na watoto wengi wa mitaa yetu hawakuwa na kompyuta wala barua pepe, kwa hiyo walikuja na vyeti vyao, wakakaa kwenye benchi, tukawajazia. Profesa aliwafungulia akaunti, akawatungia neno la siri yeye mwenyewe, na kuliandika kwenye kaunta buku nene yenye jalada jeusi: jina, namba ya mtihani, neno la siri, machaguo matano kwa mpangilio wake. Mwombaji hakupewa neno lake. "Watalipoteza hawa," alisema, "halafu waje kunisumbua." Hakuna aliyehoji. Tulikuwa vijana tuliokesha na vitabu miaka miwili, tunaoweza kukokotoa mambo ya kuumiza kichwa, tukayakabidhi maisha yetu kwa mtu mwenye tomato kwenye mashavu kwa sababu alikuwa na printa. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye kaunta buku, wazazi walijua pa kwenda. Walikuja saa ambazo watoto wao hawapo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natoa kopi za vyeti, nawasikia. Mama mmoja: "Kaka yangu, huyu kaandika kilimo. Nimemsomesha miaka yote hii akashike jembe? Mtoe huko, muweke sheria." Baba mmoja alitaka udaktari, na mwanawe alikuwa na E ya baiolojia. Profesa aliiita kazi hiyo marekebisho, na ujira wake akauita soda. Siku niliyomuuliza kama ni halali alicheka mpaka yai likamtoka mdomoni likaangukia mezani. "Sikiliza, sista. Mteja ni anayelipa, siyo anayesoma." Nilichukizwa sana. Nakumbuka nilivyorudi nyuma ya pazia huku nikijiona msafi.

Sikudhani alikuja karibu kila siku mchana. Wakati ule alikuwa anakaa kwa shangazi yake pale pale Mwananyamala, na mchana hakuwa na kazi. Tulinunua mihogo ya kukaanga kwa mama wa kona, tukaila kwenye ngazi ya duka na kachumbari ya pilipili, gazeti magotini. Hapo ndipo tulipousomea mwongozo wa vyuo, kopi niliyoiiba kwenye mashine ya Profesa, kurasa zimepauka pembeni na madoa ya mafuta yetu wenyewe. Tulikuwa tumesoma mchepuo mmoja, uchumi, jiografia na hesabu, na katika hayo matatu Sikudhani alikuwa na hesabu, mimi nilikuwa na daftari la Sikudhani. Yeye ndiye aliyeiona ile kozi. Naliweka wazi hilo kwa sababu kazini kwangu huwa nalisimulia kana kwamba niliiona mimi.

"Ane, hebu ona hii," alisema, kidole chenye pilipili kimebonyeza ukurasa. "Hisabati na Fedha. Wanachanganya."

"Kwa hiyo unakuwa mhasibu?"

"Mhasibu anaandika kilichotokea. Huyu anapiga hesabu ya kitu ambacho hakijatokea bado. Bima, kwa mfano. Mtu hajafa, nyumba haijaungua, we ushajua kila mmoja achangie ngapi. Si raha hiyo?"

"Na hii, Hisabati na Takwimu?"

"Hiyo iwe ya pili. Hesabu tupu iwe ya tatu. Naipenda, ila naogopa kubaki nayo peke yangu chumbani. Mie nataka hesabu inayogusa watu." Kisha akacheka, akafuta kidole kwenye gazeti. "Uchumi ya nne. Ya tano naweka ualimu wa hesabu, ili baba akiniuliza nimwambie nimeuweka."

Alipanga machaguo yake kama mtu anayepanga nguo za sikukuu, akayapangua, akayapanga tena. Mimi nilikuwa sijui ninachotaka. Nilimtazama tu, jinsi macho yalivyokuwa yanamng'aa juu ya karatasi yenye mafuta, na nikautamani ule uhakika kuliko nilivyowahi kutamani kitu cha mtu. Nilipofika nyumbani niliandika mpangilio ule ule, wa kwanza hadi wa tano, kana kwamba umetoka kichwani kwangu.

Matokeo yalipotoka Sikudhani alipata A ya hesabu. Mimi nilipata C. Nilimjazia fomu yake siku iliyofuata, yeye amekaa pembeni yangu kwenye benchi, anasoma kila neno kwenye kioo kabla sijabofya, na Profesa akamtungia neno la siri na kuliandika kwenye kaunta buku. Kisha nikajaza yangu. Profesa alichungulia juu ya bega langu, pumzi yake ina vitunguu. "Hisabati na Fedha? Na C?" Akafyonya. "Hiyo wanachukua wachache, halafu inakwenda kwa alama. Huyo mwenzio ndo ataingia. Wewe utasimama nyuma yake kwenye foleni." Hakusema kwa ubaya, alisema kama anavyosema karatasi zimeisha. Lakini lile neno foleni lilinikaa. Wiki nzima nikiwa natoa kopi nilikuwa naiona: mgongo wa Sikudhani mbele yangu, na mlango unafungwa.

Baba yake alikuja saa saba mchana, Profesa ametoka kwenda kutafuta wino. Alikuwa seremala, na vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Alivua kandambili mlangoni kana kwamba anaingia sebuleni kwa watu, nikamwambia avae tu, akakataa. Nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, baba."

Akakaa kwenye benchi, mfuko wa plastiki mapajani, akatazama zile kompyuta moja baada ya nyingine. "Nasikia Siku kaandika mambo ya fedha."

"Hisabati na Fedha, baba. Ndiyo chaguo lake la kwanza."

"Nimeulizia kwa watu. Wananiambia mkopo wa serikali wanaanza na walimu wa hesabu, hao wengine mpaka kibaki. Mie sina wa kumlipia, si unaniona. Akikosa mkopo atarudi kukaa na mie, atapika, ataolewa, imeisha hiyo. Mwanangu, upandishe ualimu uwe wa kwanza. Nimeambiwa hapa mnaweza."

"Si bora umwambie mwenyewe, baba? Aje tubadilishe pamoja."

Akatikisa kichwa. "Nikimwambia atalia. Na Siku akilia mie nalegea, nitamkubalia, halafu nikose la kufanya. Afadhali aone ni chuo ndo kimeamua."

Sikumchukia yule mzee, na sitamchukia sasa akiwa kaburini. Alikosea, na alikosea vibaya, lakini alikuwa anamtazama mwanawe alipokuwa anakosea. Niliifungua kaunta buku, nikalipata neno la siri, nikaingia. Ualimu wa Hisabati nikaupandisha kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Mpaka hapo ningeweza kujitetea: mzazi ameomba, mwenye duka ndivyo anavyofanya, mimi ni kibarua. Lakini Hisabati na Fedha ilikuwa imeshuka nafasi moja tu. Ilikuwa bado ipo, ya pili, na niliwaza kwamba maadamu ipo, A yake inaweza kusimama mbele ya C yangu. Baba yake hakuniomba niifute. Hakujua hata kwamba inaweza kufutwa. Alikuwa ameinua uso anatazama mbao za dari, zilizopigiliwa ovyo, na midomo yake inacheza kama anayewasema mafundi wenzake. Nikaifuta. Pale ilipokuwa nikaweka kozi ya ukutubi, mambo ya maktaba, kwenye chuo ambacho sikujua kiko mkoa gani. Nikahifadhi. "Tayari, baba." Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu kama msasa, akasema Mungu anibariki. Kisha akaniachia ule mfuko.

Zilikuwa korosho za kukaanga, za kwao kusini, kubwa na nyeupe. Nilianza kuzila kabla hajafika barabarani. Sikuwa na njaa, nilikula tu, moja baada ya nyingine, chumvi imenikauka midomoni. Sikudhani akaja kama kawaida yake, akakaa ngazini, akatia mkono kwenye mfuko bila kuuliza.

"Tamu! Za nani hizi?"

"Mteja kaniletea."

"Kama za kwetu." Akatafuna, akafumba macho. "Hee, kama za kwetu kabisa."

Nilimwacha ale. Tulizimaliza pamoja, yeye na mimi, na alipopata ya mwisho aliivunja katikati akanipa nusu. Nikaipokea. Katika mambo yote ya mwaka ule, na yapo mengine ambayo sijayaweka humu, ile nusu ya korosho ndiyo inayonirudia. Hadi leo sili korosho. Zikipitishwa kwenye sherehe nasema zinanidhuru.

Majina yalipotoka, Profesa aliyachapa na kuyabandika mlangoni. Sikudhani alilitafuta lake kwa kidole kuanzia juu, pole pole, na kidole kilipofika kikakaa pale pale. Alikuwa amechaguliwa Ualimu wa Hisabati. Hakupiga kelele. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kidole gumba hadi cha mwisho. "Chaguo la tano," alisema. "Maana yake wa kwanza kanikataa, wa pili kanikataa, wa tatu, wa nne. Wote wanne, Ane. Na A yangu." Hakuwa na njia ya kujua vingine, neno la siri halikuwa lake. Kisha akalitafuta jina langu, akalipata, Hisabati na Fedha, na hapo ndipo alipolia, amenikumbatia, ananiambia kwenye sikio, "Angalau mmoja wetu. Angalau mmoja wetu." Profesa alikuwa mlangoni na kopo la gundi mkononi. Alinitazama, akaitazama kaunta buku, akajifanya hamnazo. Shangazi yake Sikudhani alitupikia wali wa nazi na samaki kwa ajili yangu. Nilikula sahani mbili na kusema asante.

Nimesoma ile kozi. Nimejifunza, kama alivyosema yeye akiwa na muhogo mkononi, kupiga hesabu ya vitu ambavyo havijatokea, na nimelipwa vizuri kwa kazi hiyo, nina nyumba Mbezi Beach yenye ukuta na mlinzi. Mara nyingi nimejaribu kukokotoa kama kiti kile kilikuwa chake kweli. Huenda angeingia yeye na mimi pia. Huenda nisingeingia. Huenda mzee alikuwa sahihi, angekosa mkopo akarudi nyumbani kupika. Hesabu hiyo haitoki, na nimegundua kuwa kila ninapoifanya natafuta jibu lile moja litakaloniruhusu kula kwa amani. Sikudhani alipata mkopo, akamaliza, akapangiwa shule, anafundisha vizuri, wanafunzi wanampenda. Ila hesabu za kujifurahisha, zile alizokuwa anazichora nyuma ya madaftari, aliziacha mwaka ule ule. Niliwahi kumuuliza. Akasema, "Za nini? Walishaniambia kiwango changu." Na kila msimu, bila kukosa, baba yake alinitumia korosho. Nilizipokea getini kwa mikono miwili, nikauliza habari za nyumbani, na aliyezileta akigeuka tu nampa mlinzi. Nilikuwa najinawa mikono baadaye, kwa sabuni.

Keshokutwa yake nilikwenda Gongo la Mboto. Sebuleni walikuwa wameshaikunja mikeka ya msiba, na makochi yamerudishwa, yale aliyoyatengeneza marehemu, yenye vitambaa vya kufuma. Mwanahawa alikuwa mezani, kompyuta ndogo ya shule ya dada yake mbele yake. Sikudhani alinimiminia chai ya maziwa, akanisogezea maandazi. "Haya mwalimu wa fomu," alinitania, "ualimu juu, hayo mengine panga unavyojua." Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, nayo yalinitoka yote kichwani. Nikasema tu, "Siku, hawakukukataa."

"Kina nani?"

"Chuo. Hawakukukataa kwa sababu hawakuombwa. Ualimu ulikuwa chaguo lako la kwanza. Nilibadilisha mimi. Baba alikuja dukani akaniomba."

Mwanahawa aliacha kubofya. Sikudhani aliweka birika chini taratibu sana. "Baba?"

"Aliogopa utakosa mkopo."

"Kwa nini asiniambie?"

"Alisema utalia. Alisema ukilia analegea."

Kitu kikampita usoni, nikadhani atapiga kelele, lakini alikuwa anacheka kwa machozi, mkono mdomoni. "Kweli. Alikuwaga hawezi kabisa kuniona nalia. Baba jamani." Akajifuta na ncha ya khanga, akaninyooshea mkono juu ya meza. "Pole, Ane. Alikubebesha mzigo wake miaka yote hiyo."

Hapo ndipo nilipoona jinsi ilivyo rahisi. Ningeweza kuupokea ule mkono. Marehemu angeubeba wote, wala asingelalamika, na mimi ningeondoka na pole yangu na huenda na mfuko wa korosho. Nilijiona nikiutazama mkono ule kama nilivyoitazama ile nusu ya korosho, natamani, na nikajionea kinyaa.

"Kuna lingine," nilisema. "Yeye aliniomba niupandishe ualimu tu. Hisabati na Fedha nilikufutia mimi. Hakuniomba. Nilikufutia ili usiwe mbele yangu."

Mkono wake ulibaki pale mezani kidogo, kisha akaurudisha. Alipozungumza alizungumza kama anavyozungumza na mwanafunzi aliyemletea jibu bila njia.

"Hesabu ulipataga ngapi vile?"

"C."

"Ehe," alisema.

Akanyanyuka. Alichukua kikombe changu cha chai, kilikuwa bado kimejaa, akakipeleka uani, nikasikia anakimwaga. Hakukileta tena. Aliporudi alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake, akamwekea mikono mabegani, na hakunitazama. "Mwana, futa huo ualimu hapo juu. Chaguo la kwanza andika Hisabati na Fedha. Andika mwenyewe."

"Na ya pili, dada?"

"Ya pili we ndo unajua. Unataka nini?"

Mwanahawa akaandika. Alikuwa anatabasamu na anajizuia, kwa heshima ya msiba. Akafika mwisho wa ukurasa. "Wanataka nitunge paswedi," alisema.

"Tunga. Usiniambie hata mie." Kisha Sikudhani akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha tano akaniita jina langu lote. "Aneth, geukia ukutani."

Nikageuka. Ukutani kulikuwa na rafu ya mbao aliyoitengeneza baba yao, misumari yake imezamishwa vizuri, na juu yake kofia yake. Nyuma yangu Mwanahawa alianza kubofya, taratibu, kitufe kimoja kimoja, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Zilikuwa herufi tisa.